Breki za Gari Kongwe: Uzima Hutegemea Mpira Mdogo

Katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford nchini Uingereza, kiwanda cha MG kiliunda zaidi ya magari 500,000 ya aina ya MGB kati ya mwaka 1962 na 1980. Ni gari dogo la mbio, lenye umbo la kupendeza. Hivi leo magari hayo yamekuwa vikongwe, na wenyewe huyatunza kwa mapenzi makubwa, wakitumia siku zao za mapumziko kuyapaka rangi na kuyang'arisha. Lakini, ndugu msomaji, rangi haisimamishi gari. Kinachosimamisha gari ni breki.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu tangu Mei 2018, magari ya Uingereza yaliyovuka umri wa miaka 40 bila kubadilishwa sana hayalazimiki tena kukaguliwa kila mwaka. MGB ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1980, hivyo zote zimekwisha vuka umri huo. Kwa maneno mengine, jukumu la kulinda maisha ya abiria na ya wapita njia limebaki mikononi mwa mwenye gari.

NGUVU YA MGUU

Breki za gari hili hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: mafuta yaliyofungiwa yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea kila upande kwa kiasi kile kile. Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya masta silinda husukuma mafuta ndani ya mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Iwapo pistoni ya gurudumuni ina eneo mara nne ya ile ya masta silinda, nguvu nayo huongezeka mara nne. Mbele ya MGB kuna diski zinazobanwa na pedi. Nyuma kuna ngoma zenye viatu vya breki.

MGB nyingi zilizouzwa Uingereza zilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukivuja, magurudumu yote hukosa breki.

ADUI ASIYEONEKANA

Wengi hudhani kwamba gari lisilotembea haliharibiki. Kwa upande wa breki, ukweli ni kinyume chake. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limelala bandani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya kufikia nyuzi 230 za Sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta hayo huchemka na kuwa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali huzama hadi sakafuni, ilhali gari linaendelea na safari.

Aidha, maji hayo huleta kutu. Pistoni za mbele hukwama, silinda za nyuma huchimbika, na mipira huchanika. Mabomba matatu ya mpira ya gari hili huweza kuvimba kwa ndani, yakazuia mafuta kurudi, hata gurudumu likabaki limebanwa.

KAZI YENYEWE

Fundi mwangalifu huanza kwa kuliweka gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Vumbi la breki za zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo halipulizwi kamwe, bali hufutwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kisha huchunguza kila kiungo. Unyevu ndani ya ngoma, au rangi iliyobambuka chini ya pedali, ni dalili ya kuvuja.

Akikuta mpira mmoja umekwisha, haishii hapo, kwani mingine ni ya umri ule ule. Hubadilisha yote, pamoja na mabomba ya mpira. Silinda iliyochimbika hutupwa, maana mpira mpya juu ya chuma kibovu hautadumu. Sehemu za ndani husafishwa kwa mafuta mapya ya breki. Petroli na oili ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu.

Mwisho ni kutoa upepo. Mtu mmoja hukanyaga pedali polepole, mwingine hufungua na kufunga nipeli, wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Chombo cha mafuta kisiachwe kukauka, la sivyo kazi huanza upya. Mafuta yakimwagikia bodi huoshwa mara moja kwa maji, kwani hubambua rangi.

Baadaye pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika kadhaa. Ikizama, bado pana uvujaji, na gari halitoki bandani.

Gari lako huenda si MG, bali ni pikapu au gari dogo la kupeleka watoto shuleni. Endapo breki zake ni za mafuta, kanuni ni ile ile. Pedali ikiwa laini kama sponji, au mafuta yakipungua kila mara, usiridhike kwa kuongeza tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika breki, huenda usipewe nafasi ya kuujenga.