Kanyaga Breki, Achia

Kijana wa bodaboda amewekewa chuma kwenye mfupa wa paja. Mtaalamu wa mazoezi tiba anasimama miguuni pake, anaushika unyayo wa kulia na kumwambia akanyage breki. Kijana anasukuma vidole mbele, uso umekunjamana. Achia, vivute vidole vije kwako. Kanyaga tena. Shuka limefunuliwa na macho yangu yako kwenye kigimbi: kinajikusanya, kinakuwa kigumu kama ngumi, kisha kinalegea. Anaambiwa arudie kila saa akiwa macho, miguu yote miwili. “Sawa, dada,” anajibu, jicho liko kwenye simu.

Mimi nilifuata habari za ajali. Nikanasa kwenye kigimbi.

Misuli hiyo ndiyo inayosaidia kuisukuma damu ipande kutoka mguuni. Mgonjwa akilala tu, damu inatuama. Yapo mambo matatu yanayobeba jina la Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Aliyevunjika paja anayo yote, awe na miaka 20 au 70. Damu ikiganda hufanya bonge, nalo likikatika hupanda hadi kwenye mapafu, na huko linaweza kuua ghafla.

Dada huyu anasema vijana ndio wanaomtia hofu. Mzee hupigiwa hesabu mapema. Kijana kila mtu anamwona mzima, yeye mwenyewe wa kwanza. Kifua kikibana, anasema ni uchovu. Mguu ukivimba, nyumbani yanatolewa mafuta ya kuchua. Hapo sauti ya dada inapanda. Mguu mmoja ukivimba, ukapata moto na kuuma kigimbini, usichuliwe, mgonjwa arudishwe hospitali, hata kama wiki kadhaa zimepita tangu upasuaji. Mama anachua kwa mapenzi, na ndiyo maana kumkataza ni kazi.

Anayedhani mazoezi ni kinga amkumbuke mcheza tenisi Serena Williams. Mwaka 2010 alikatwa na kioo mguuni, akafanyiwa upasuaji. Mwanzoni mwa 2011, akiwa na miaka 29, mabonge yakakutwa mapafuni.

Basi kwa nini wote wasichomwe sindano ya kuzuia damu kuganda? Kwa paja au nyonga iliyovunjika, dawa hizo hutolewa, mradi hakuna hofu ya kuvuja damu. Utata uko kwenye majeraha madogo. Utafiti wa Uholanzi uliotoka 2017 ulifuatilia waliofungwa plasta ngumu chini ya goti: waliochomwa, asilimia 1.4 walipata mabonge. Wasiochomwa, asilimia 1.8. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba sindano ilisaidia.

Nilipomtajia tarakimu hizo, dada alitaka kujua hao wachache atawatambuaje wakiwa bado wanacheka. Mambo ya kumshtua yapo: aliyewahi kuganda damu, mwenye ndugu wa damu aliyepatwa, mnene kupita kiasi, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Lakini binti aliyevunjika kifundo, mama yake kakaa ukingoni mwa kitanda, nani atamuuliza habari za vidonge? Dada husubiri saa ya kutazama wagonjwa ipite. Na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya hapo?