Je, Wajua? Keirin, mbio za baiskeli zisizo na breki

Keirin ni mbio za baiskeli zilizoanzia Kokura, Japani, mwaka 1948, watu wakiweka dau kwa waendeshaji. Ziliingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, ambako Florian Rousseau wa Ufaransa alitwaa dhahabu. Wanawake walisubiri hadi London 2012.

Katika Olimpiki, waendeshaji sita au saba huzunguka mara sita uwanja wa mbao wa mita 250. Katika mizunguko mitatu ya kwanza hufuata pikipiki ndogo inayoongeza kasi taratibu kutoka kilomita 30 hadi 50 kwa saa, na ni marufuku kuipita. Ikitoka tu, vita huanza, na kasi huvuka kilomita 70.

Baiskeli zenyewe ni za kustaajabisha. Hazina breki wala gia za kubadilisha, na pedeli haziachi kuzunguka gurudumu likienda. Anayeteremka mlima asingethubutu kupanda baiskeli ya namna hiyo. Uwanjani, kukosa breki ni usalama: hakuna anayeweza kusimama ghafla mbele ya wenzake.

Katika baiskeli, Afrika Mashariki inajulikana zaidi kwa mbio za barabarani kuliko za uwanjani; Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo za barabarani Septemba 2025, wa kwanza barani Afrika.