Kazi na Malipo Yake Katanga (Sehemu ya Pili): Baba Alipofilisika

Juma lililopita tulisoma kaulimbiu za dola. Kongo ya Leopold II ilijiandikia “Kazi na Maendeleo”. Katiba ya 2006, katika kifungu chake cha kwanza, imeiweka kazi pamoja na haki na amani. Tawala zimepinduana, bendera zimebadilika, kazi imebaki kwenye nembo. Leo tuteremke hadi Luano, katika komini ya Annexe, ambako mji wa Lubumbashi unaishia na mashamba yanaanza. Msafiri anapajua kwa uwanja wa ndege tu. Mkazi wa huko ukimwambia bidii hutajirisha, hatakubishia. Atataka kujua inamtajirisha nani.

Ana sababu. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilimimina shaba yake ya kwanza mjini 1911, kwa madini ya Kalukuluku, mgodi ambao Wazungu waliuita Étoile. Mwanzoni iliajiri vijana kwa mikataba mifupi, mara nyingi kwa nguvu, na maradhi ya kambini yaliua wengi. Kuanzia 1928 ikageuza mbinu: mfanyakazi aje na mkewe, akae miaka mitatu au zaidi, apewe nyumba, posho ya unga, matibabu, na shule ya watoto. Tusiuite ukarimu. Kufuata watu vijijini kila mwaka kulikuwa ghali, na fundi aliyezoea tanuru hapatikani kwa siku moja. Lakini ahadi ilieleweka: itikia king'ora, usikose zamu, nawe utalelewa. Watu wakaiona kampuni kuwa baba na mama.

Mobutu, baada ya kutwaa madaraka 1965, aliwataka raia wakunje mikono ya mashati. Mwaka 1967 akaitaifisha Union Minière. Gécamines, kampuni ya dola, ikarithi migodi, kambi na ubaba wenyewe. Baadaye ikaja salongo, kazi ya umma ya lazima, ambayo wengi waliifanya huku wakimtazama msimamizi kwa pembe ya jicho. Bei ya shaba iliporomoka 1974 na 1975, madeni yakapanda, na fedha ambazo zingenunua mitambo mipya zikavutwa Kinshasa. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1980 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto ukabomoka. Uporaji ukafuata 1991, kisha Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walikuwa mafundi na makarani, wakafukuzwa Katanga. Mwaka 1993 uzalishaji haukufika tani 50,000.

Mfanyakazi wa 1993 hakuwa mvivu kuliko wa 1985. Alidamka saa ile ile, akaenda kwenye mashine isiyo na vipuri. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi. Kufikia mwanzo wa karne hii wapo waliokuwa wakidai mshahara wa karibu miaka mitatu. Kwa nini hawakuondoka? Aliyeondoka aliacha nyumba, hospitali na mshahara aliokuwa akiidai kampuni pia. Nyumbani bukari, yaani ugali, ilitafutwa na mama: mahindi ya pembezoni mwa mji, makaa, unga uliovushwa mpakani Kasumbalesa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu watoto wa Shaba (jina la Katanga enzi za Mobutu) waliotelekezwa na baba yao, ameonyesha jinsi mamlaka ya mume yalivyoyeyuka pamoja na posho.

Mwaka 2003 Benki ya Dunia ikagharamia “kuondoka kwa hiari”. Wafanyakazi 10,655 wenye utumishi mrefu wakapewa fedha za kuondokea, pungufu ya walichodai. Hiari ya mtu asiyelipwa ni hiari ya namna gani, sijui. Wengi wamezunguka maofisini miaka mingi wakidai salio.

Sasa shaba imerudi. Kongo imeipita Peru na kushika nafasi ya pili duniani, nyuma ya Chile, na mgodi wa Ruashi haupo mbali na njia ya ndege ya Luano. Lakini kijana anayepata kazi migodini leo huajiriwa mara nyingi na kampuni ya kandarasi, kwa mkataba wa miezi michache, bila nyumba wala posho. Kwa hilo yuko karibu zaidi na babu wa babu yake, aliyechukuliwa kabla ya 1928, kuliko na baba yake.

Juma lijalo: wachimbaji wa mikono, na mnunuzi anayeshika mizani.