Mvutano wa Uso wa Maji na Maisha ya Mwambao wa Rumonge

Makala haya yanafafanua yale ambayo yangebadilika Rumonge, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, iwapo maji yangekosa mvutano wa uso. Nguvu hiyo hutokana na molekuli za maji kuvutana hata uso ukajikaza mithili ya utando. Katika nyuzi 25 za Selsiasi hufikia takriban milinyutoni 72 kwa mita.

Ziwa lenyewe lisingebadilika sana. Mitumbwi huelea kwa uzito wa maji inayoyasukuma kando, na mawimbi yanayoizamisha hutawaliwa na mvutano wa dunia; ni viwimbi vifupi, visivyozidi takriban sentimita 1.7, ndivyo hutegemea uso. Hata taa ya utambi ingeendelea kuwaka, kwa kuwa mafuta ya taa si maji.

Hasara ingekuwa nchi kavu. Mchikichi huvuta maji kutoka juu: yanapovukizwa majanini, nyuso ndogo zilizopinda katika kuta za seli huishikilia safu nzima isikatike. Bila mvutano huo hewa ingepenya na mti ukakauka ungali umesimama kwenye udongo uliolowa. Udongo nao usingelowa kwa muda mrefu, maana maji yaliyonaswa kati ya chembe zake yangezama chini upesi, na mihogo ingenyauka siku chache baada ya mvua. Mawese yasingepatikana, wala sabuni ya mawese, ambayo kazi yake hasa ni kuupunguza mvutano huo hadi karibu nusu.

Jambo hili linagusa sera ya afya. Viluwiluwi vya mbu wa Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, vikishikiliwa nao huku vikivuta hewa. Uso ukilegezwa kwa mafuta, huzama na kufa. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria mwezi Machi 2017, na ziwa lilifurika tena mwaka 2024. Mafuriko kama hayo hubakiza madimbwi, na kishawishi cha kuyamwagia mafuta au sabuni ni kikubwa. Mbinu hiyo yaweza kukubalika kwenye mitaro na mashimo yaliyofungika, tena kwa kurudiwa kila mara. Katika vidimbwi vinavyoungana na ziwa haifai: utando wa mafuta huzuia hewa ya oksijeni kuingia majini, na vifaranga vya samaki hukulia humo humo kwenye maji ya kina kifupi.