Kuziba, kukwama au kusita? Jinsi ya kulisoma na kulieleza pengo katika elektrokadiogramu

Mfasiri anayekabidhiwa ripoti ya vipimo vya moyo aghalabu hukutana na hali ambayo, ikielezwa kwa haraka, huishia katika kitenzi kimoja: kuziba. Ripoti husema kwamba ishara ya umeme haikupita kutoka nodi ya sinoatria hadi chumba cha juu cha moyo, mgonjwa huambiwa, "Moyo wako umeziba." Hapo ndipo upotofu unapoanza. Mgonjwa anaweza kuondoka akiamini kwamba mshipa wake wa damu umejaa mafuta, akatafuta dawa ya kuzibua mishipa, ilhali ripoti haikutaja mshipa wala damu.

Makala haya yanaeleza namna hali hiyo inavyotambuliwa katika elektrokadiogramu, kisha yanachagua kitenzi cha Kiswahili kinachoibeba bila kuipotosha. Mambo hayo mawili hayatenganiki, kwa sababu utambuzi wenyewe unategemea tofauti ya vitenzi viwili: ishara iliyotoka ikakwama, na ishara ambayo haikutoka kabisa.

Kinachochorwa na kisichochorwa

Nodi ya sinoatria ni kundi dogo la seli lililo katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo. Arthur Keith na Martin Flack waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Katika mtu mzima aliyepumzika, nodi hiyo kwa kawaida huanzisha mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Ishara hutoka ndani ya nodi, huvuka seli zinazoizunguka, husambaa katika vyumba vya juu, kisha hushuka hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini.

Elektrokadiogramu, kipimo kilichoendelezwa na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, huchora safari hiyo kwa mawimbi. Wimbi la P huonyesha umeme ukisambaa katika vyumba vya juu. Kundi la QRS huonyesha umeme ukisambaa katika vyumba vya chini. Wimbi la T huonyesha vyumba vya chini vikirejea katika hali ya kupokea ishara mpya.

Jambo la kushika ni hili: kazi ya nodi yenyewe haionekani katika mchoro wa kawaida. Seli zake ni chache mno, na umeme wake haufiki kwenye ngozi kwa nguvu ya kuchorwa. Msomaji wa mchoro huona kilichofika, hakioni kilichotoka. Kwa hiyo kila kauli kuhusu nodi ni hitimisho linalopatikana kwa kupima muda.

Mfano wa kituo cha daladala

Tuseme daladala huondoka stendi kila baada ya dakika 10, na mtu amesimama kituo cha kwanza nje ya stendi. Haoni yanayotendeka ndani. Huona tu magari yanayofika. Siku moja, baada ya gari moja kupita, linalofuata lafika baada ya dakika 20 kamili, na baada ya hapo magari yaendelea kufika kila dakika 10. Mtu huyo ana haki ya kuhitimisha kwamba ratiba haikuvunjika: gari moja liliondoka stendi likakwama njiani. Lakini gari linalofuata likifika baada ya dakika 27, muda usiolingana na ratiba, dhana iliyo karibu zaidi ni kwamba mpangaji wa magari alisita, hakulitoa gari kwa wakati wake.

Huo ndio msingi wa kutofautisha mkwamo wa sinoatria na kusita kwa nodi. Pengo likiwa mara mbili au mara tatu ya muda wa kawaida, nodi iliendelea na kazi yake na ishara ikakwama. Pengo lisipokuwa kizidisho cha muda huo, yaelekea nodi yenyewe ilisita.

Namna ya kupima

Karatasi ya elektrokadiogramu kwa kawaida huenda kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde. Kisanduku kidogo chenye upana wa milimita 1 ni sekunde 0.04; kisanduku kikubwa, chenye vidogo vitano, ni sekunde 0.20. Kupima kunahitaji bikari, au ukingo wa karatasi nyeupe na kalamu.

Kwanza, huchaguliwa sehemu yenye mapigo yaliyotulia, na umbali kutoka wimbi moja la P hadi linalofuata hupimwa. Ukiwa visanduku vidogo 20, muda wa P-P ni sekunde 0.80, sawa na mapigo 75 kwa dakika.

Pili, hutazamwa pengo. Katika mkwamo wa sinoatria hukosekana pigo zima: P haipo, QRS haipo, T haipo. Hiyo ni alama muhimu. Wimbi la P likiwepo na QRS ikakosekana, ishara ilikwisha kutoka kwenye nodi na kuenea vyumba vya juu. Iliponaswa ni chini zaidi, kati ya vyumba vya juu na vya chini.

Tatu, pengo hupimwa kutoka P hadi P. Likiwa visanduku 40 au 60 katika mfano huu, yaani sekunde 1.60 au 2.40, ni kizidisho. Likiwa visanduku 53, si kizidisho. Moyo si saa, hivyo tofauti ndogo ya kisanduku kimoja au viwili haibatilishi hesabu.

Nne, hukaguliwa wimbi la T lililo kabla ya pengo. Wakati mwingine pigo la mapema la chumba cha juu hujificha ndani yake, likiwa limekuja upesi kiasi kwamba vyumba vya chini havikuwa tayari kulipokea. Wimbi la T lenye kinundu au ncha isiyofanana na nyingine ni onyo kwamba pengo halikutokana na nodi wala na mkwamo wake. Vilevile hukaguliwa iwapo muda wa P-P hurefuka na kufupika polepole kwa kufuata pumzi. Badiliko hilo ni la kawaida, hasa kwa vijana.

Madaraja matatu na vitenzi vyake

Daraja la kwanza ni la kuchelewa. Kila ishara hufika, ila hutumia muda mrefu zaidi kutoka ndani ya nodi. Kwa kuwa wakati wa kutoka hauonekani, ucheleweshaji huu hauwezi kutambuliwa katika elektrokadiogramu ya kawaida.

Daraja la pili ni la kukwama kwa vipindi, nalo lina aina mbili. Katika aina ya pili muda wa P-P haubadiliki, kisha pengo huja likiwa kizidisho chake, kama ilivyoelezwa. Aina ya kwanza hufuata mtindo unaoitwa kwa jina la Karel Frederik Wenckebach, aliyeueleza mtindo huo mwaka 1899 katika upitishaji wa ishara kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Hapa wanafunzi wengi hukanganyikiwa, kwa kuwa ucheleweshaji huongezeka ilhali muda wa P-P hufupika.

Kituo cha daladala chafumbua kitendawili hiki. Magari yaondoka dakika ya 0, 10, 20, 30 na 40. La kwanza lachelewa dakika 2, la pili 5, la tatu 7, la nne lakwama kabisa, na la tano larudia kuchelewa dakika 2. Yatafika dakika ya 2, 15, 27 na 42. Nafasi kati yao ni dakika 13, 12, kisha 15. Ucheleweshaji umeongezeka, lakini nyongeza yenyewe imepungua kutoka 3 hadi 2. Ndiyo sababu nafasi zimefupika. Pengo la 15 nalo ni pungufu ya mara mbili ya nafasi iliyolitangulia. Hivyo basi, alama za aina ya kwanza ni mbili: muda wa P-P unaofupika hatua kwa hatua, na pengo lisilofikia mara mbili ya muda wa mwisho. Aina hii huonyesha kwamba kanuni ya kizidisho haitoshi peke yake: pengo lisilo kizidisho halithibitishi kusita kwa nodi mpaka mfululizo wa kabla yake ukaguliwe.

Daraja la tatu ni la kukwama kwa kila ishara. Mawimbi ya P ya nodi hutoweka, na moyo hutegemea sehemu nyingine kuanzisha mapigo. Katika mchoro wa kawaida, hali hii haiwezi kutofautishwa na nodi iliyoacha kufanya kazi. Mfasiri apaswa kuliheshimu hilo. Ripoti ikisema tu kwamba kuna pengo, tafsiri nayo iseme "pengo". Isichague kati ya kukwama na kusita pale ambapo daktari mwenyewe hakuchagua.

Kwa nini si "kuziba"

*Ziba* hudai tundu, mfereji au ufa, na kitu kilichoujaza. Kinyume chake ni *zibua*, kwa hiyo msikilizaji hutarajia kitu cha kuondolewa. Kitenzi hiki kinafaa kwa mshipa wa damu ulioziba, na kiachwe huko.

*Zuia* hudai mtendaji: nani amezuia? Nomino yake, *kizuizi*, huleta picha ya kitu kilichosimamishwa njiani na kinachokaa hapo, kama gogo barabarani. Mkwamo wa sinoatria waweza kutokea pigo moja na usitokee katika mapigo mengi yanayofuata.

*Simama* ni hatari zaidi. "Moyo umesimama" husikika kama habari ya kifo. Haifai kwa pengo la sekunde mbili ambalo mgonjwa huenda hata hakulihisi.

*Kwama* yafaa kwa sababu tatu. Yadokeza kwamba kitu kilikwisha kuanza safari. Haihitaji mtendaji. Na hali yake yaweza kupita, kama *kwamuka* inavyoonyesha. Pale sababu inapojulikana, Kiswahili kinayo *kwamisha*: dawa kama digoksini na baadhi ya dawa za kupunguza kasi ya moyo zaweza kuikwamisha ishara, na daktari huzipitia kabla ya kufikiria kifaa cha kuongoza mapigo. Nomino *mkwamo*, iliyozoeleka katika habari za siasa na mazungumzo, yaweza kuchukuliwa bila kubuni neno jipya: *mkwamo wa sinoatria*. *Kusita* nako kubaki kwa nodi ambayo haikutoa ishara.

Neno *msukumo* nalo litumiwe kwa uangalifu. Wengi huita shinikizo la damu "msukumo wa damu". Atakayeandika "msukumo umekwama" atamfanya msomaji afikirie damu tena. *Ishara ya umeme* ni salama zaidi.

Linganisha kauli hizi:

- *Isifuatwe:* Moyo wako umeziba na unasimama mara kwa mara.
- *Ifuatwe:* Mishipa yako haikuhusika katika jambo hili. Mara kwa mara ishara ya umeme inayoanzisha pigo la moyo hukwama kabla ya kufika, na pigo hilo moja hukosekana. Ishara inayofuata hupita.

Sentensi ya kwanza katika kauli ya pili iandikwe pale tu ambapo ripoti au daktari amelisema hilo. Mfasiri asiliongeze kwa huruma. Zilizobaki zaonekana ndefu, lakini kila moja inalingana na kitu kilichopimwa kwenye karatasi. Mgonjwa anayezisikia aweza kuuliza swali linalofaa: ni dawa zipi ninazotumia, na je, kizunguzungu changu kinatokana na mapengo haya? Aliyeambiwa kwamba moyo umeziba hawezi kulifikia swali hilo, kwa kuwa kitenzi kimekwisha kumpeleka kwingine.