Nyumba Isiyo na Israfu

Nazi ikiingia katika jiko la Mswahili, haitoki ikawa taka. Ikishafuliwa, makumbi yake huwa kuni, au huozeshwa yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Ikishakunwa kwa mbuzi, kifuu hufanywa upawa. Tui hukamuliwa kwa kifumbu, na chicha inayobaki hupewa kuku. Hata kuti likikauka huchambuliwa njukuti, zikafungwa fagio. Hivyo ndivyo mabibi zetu walivyolelewa, wala hawakuliita jambo hili kwa jina lolote kubwa. Kwao ilikuwa ni kuiheshimu neema.

Leo mizani imegeuka. Boflo linakuja ndani ya nailoni, maji yako ndani ya chupa, mtoto anavaa nepi ya kutupa, na chakula cha jioni kinabebwa kutoka mkahawani katika vyombo vitumikavyo mara moja. Kwa miaka mingi wakaazi wa Mombasa waliipita Kibarani, kando ya bahari, wakiziba pua zao kwa uvundo wa jaa. Jaa lile lilifungwa na mahali pake pakapandwa miti, lakini taka zetu hazikukoma. Sasa hupelekwa Mwakirunge. Zile zisizochukuliwa huziba mitaro, na masika yakifika maji huzikokota hadi baharini, tunakovua samaki wetu.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inaagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Lakini sisi Waislamu tulikuwa na amri iliyotangulia. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Tutazame basi, wapenzi wasomaji, ni wapi israfu huingilia majumbani mwetu.

La kwanza ni maji. Imepokewa na Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Tuchukue mfereji unaotoa lita sita kwa dakika, ukaachwa wazi dakika moja kwa kila udhu. Mtu mmoja kwa sala tano atatumia lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20. Nyumba ya watu sita itamaliza mitungi tisa kwa siku, katika mji ambao jirani zetu wengi hununua mtungi mmoja mmoja kutoka kwa mwenye mkokoteni. Birika au kopo la lita moja humtosha mtu mzima. Na maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe, kwani mrehani na mpilipili uliomo koponi huyahitaji.

La pili ni chakula. Anayekwenda sokoni bila kuangalia kabatini hurudi na alichonacho tayari, na katika mwezi wa Ramadhani huzidi, kwa sababu jicho la mwenye saumu hununua kuliko tumbo lake. Tuandike kabla ya kutoka, tubebe kikapu cha miyaa, na tupike kwa idadi ya walaji. Kinachobaki kina njia zake. Boflo kavu husagwa likawa chenga za kupakia katlesi. Wali uliolala husagwa pamoja na mchele ulioroweshwa, ukatiwa katika unga wa vitumbua. Tahadhari moja tu: kwa joto letu la pwani, wali usiachwe sufuriani usiku kucha. Upozwe upesi na uwekwe frijini, la sivyo utadhuru matumbo. Na sahani ya jirani ipelekwe kikiwa bado chakula kizuri, si baada ya kukinai nacho.

La tatu ni shughuli zetu. Katika harusi na khitma, sahani na vikombe vya kutupa vimechukua nafasi ya sinia. Sinia moja hulisha watu kadhaa, huoshwa, na kesho hutumika tena. Akina mama wa mtaa mmoja wakichangiana kununua masinia na bilauri, wataazimana miaka mingi, na kila mwenye shughuli ataokoa fedha zake.

Kwa taka zisizoepukika, tuweke ndoo mbili. Katika ya kwanza yaingie maganda, majani ya chai na masalio ya mboga. Yakichanganywa na majani makavu au udongo katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mbolea, hata kwa anayeishi ghorofani. Katika ya pili iingie chupa, makopo na plastiki, zikiwa zimesuuzwa, ili wanaookota na kuuza wazipate safi. Plastiki isichomwe uani, kwani moshi wake ni sumu kwa vifua vya watoto. Vigae vya gilasi na nyembe zifungwe vyema na zitengwe, kwa kuwa kijana anayezoa taka hufungua mifuko yetu kwa mikono mitupu. Kumjeruhi yeye ni dhulma, hata kama hatumjui jina.

Jukumu hili lisiachiwe mama peke yake. Baba anayerudi na mifuko ya sokoni, kijana anayefungua mfereji, na binti anayepakua chakula, wote wana sehemu yao. Tuanze wiki hii na jambo moja, tulidumishe, kisha tuongeze la pili. Amali iliyo kidogo lakini ya kudumu hupendeza mbele ya Mola wetu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema zake, na atulinde na ubadhirifu. Amin.