Kufundisha Kiingereza Bujumbura, kulala kwa jamaa ya wengine

Wandugu wa promosio, wengi munaniuliza namna ilikuwa kule Burundi. Nchi ile iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi. Miye nikatoka Uvira, nikavuka Gatumba na diploma yangu mkononi.

Masomo ikaniweka kwa jamaa moja ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Vizuri kwa tumbo, vibaya kwa kazi: watoto waliniona mjomba, si mwalimu. Basi nikaweka sharti: jioni kwenye sahani, anayetaka chumvi aiombe kwa Kiingereza. Wiki mbili tu, hata kadogo kakawa kanaomba bila haya. (Mama mwenye nyumba alikataa, alikula bila chumvi.)

Mwezi wa tatu nikajua kama masomo haikumpa huyo mama hata franga moja kwa ajili yangu. Alikuwa anapunguza chakula chake, ananyamaza, juu mgeni hadaiwi. Nikaanza kuleta mchele na makala kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali, uliza nani analipa chakula na siku gani, na mama wa nyumba awe amekaa pale anasikia. Miye niliuliza kwa mkurugenzi peke yake.